Goti linauma, mipira inaishia mbele ya ringi: niongeze mitupo?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 23, ni gadi kwenye timu ya kikapu hapa Dar es Salaam. Huu ni mwezi wa tatu narusha mipira 500 kila siku, yote ya kuruka, kabla ya kwenda dukani Kariakoo. Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Kulala ni saa sita usiku kwa sababu ya hesabu za duka. Nikiwa peke yangu nafunga saba katika kila kumi. Kwenye mechi nafunga miwili au mitatu, na robo ya nne karibu yote inagonga mbele ya ringi. Goti la kushoto linauma chini tu ya pia ya goti. Nikipasha misuli maumivu yanatulia, lakini kesho yake nikishuka ngazi yanarudi. Kocha anataka niongeze hadi 1,000 kama mastaa wa NBA. Rafiki ananiletea diklofenaki na kuniambia nikae kwenye pipa la barafu. Nifuate lipi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini magoti ya wacheza kikapu ndiyo kazi yangu ya kila wiki, kwa hiyo umegonga mlango unaohusika.

Umeuliza mambo mawili kana kwamba hayajuani: la kocha, yaani idadi ya mitupo, na la rafiki, yaani goti. Nionavyo mimi, ni jambo moja. Mpira unaogonga mbele ya ringi robo ya nne na goti linalolalamika kwenye ngazi vyote vinatoka kwenye miguu ambayo imechoka tangu wiki iliyopita, achilia mbali mechi yenyewe. Kwa hiyo usiongeze hadi 1,000. Punguza mitupo ya kuruka, tena kwa zaidi ya nusu, uanze kuliimarisha goti kwa mazoezi ya uzito ya polepole, na urudishe masaa ya usingizi unayoyatumia kurushia mipira. Sasa nieleze kwa nini, maana najua kocha atakuuliza.

Tuanze na mpira. Ringi ina upana wa ndani wa sentimita 45 hivi. Mpira namba 7 una kipenyo cha kama sentimita 24. Ukiudondosha mpira wima kutoka juu, nafasi ni tele. Lakini mtupo hushuka kwa mshazari, na kadiri unavyolala ndivyo ringi inavyozidi kuwa nyembamba kwa upande wa mpira. Ukishuka kwa nyuzi 45, uwazi unaobaki ni kama sentimita 32, bado kuna pa kukosea kidogo. Ukishuka kwa nyuzi 30, uwazi unakuwa chini ya sentimita 23, na hapo mpira hauwezi kupita bila kugusa chuma, hata ungekuwa umelengwa kwa rula. Ndiyo maana mtupo wa chini, ule wa kusukuma, unaumiza kichwa: mkono unaweza kuwa umenyooka vizuri na bado ukakosa.

Kinachoupandisha mpira ni miguu. Nguvu huanzia kwenye vifundo na magoti, hupita nyonga na bega, ikafika kiganjani ikiwa imeshakamilika; vidole huongeza mguso wa mwisho na ule mzunguko wa kurudi nyuma. Miguu ikichoka, bega na mkono hujaribu kulipa deni. Misuli yake ni midogo, kwa hiyo badala ya kuupeleka mpira juu huusukuma mbele. Mpira unapungukiwa, na hata ule unaofika unafika umelala. Mchezaji akiambiwa "rusha kwa nguvu zaidi" anasukuma zaidi, na mambo yanaharibika zaidi.

Sasa ongeza goti linalouma. Mwili hauombi ruhusa, unakwepa maumivu wenyewe. Utachuchumaa kidogo zaidi kwa mguu wa kulia, nyonga itageuka, na kutua utatua na kulia kwanza. Huhitaji kuamini maneno yangu. Mpe mtu simu akurekodi kwa mwendo wa taratibu, mara moja kwa mbele na mara moja kwa ubavuni, mipira kumi ya kwanza na kumi ya mwisho ya zoezi moja. Tazama mambo matatu tu: magoti yanakunjwa kiasi gani kabla ya kupanda, mpira unaacha mkono wakati miguu bado inasukuma au imeshamaliza kazi, na mguu upi unagusa sakafu kwanza. Nitashangaa kama kumi la mwisho litafanana na la kwanza.

Kuhusu hizo saba kwa kumi, zisikudanganye, na hizo mbili tatu za mechi zisikukatishe tamaa kupita kiasi. Stephen Curry, mtu aliyefunga pointi tatu nyingi kuliko yeyote katika historia ya NBA, wastani wake wa pointi tatu kwa maisha yake yote ya ligi hiyo uko kati ya asilimia 42 na 43. Hakuna anayefunga asilimia 70 kwa mbali akiwa na mtu usoni. Kushuka ukiingia kwenye mechi ni kawaida. Tatizo ni ukubwa wa kushuka kwako, na huo unatokana na namna unavyofanya mazoezi.

Ukisimama mahali pamoja ukarusha mpira wa thelathini, mwili haukokotoi tena kitu. Unanakili mtupo uliopita na kuurekebisha kidogo. Inapendeza machoni, asilimia inapanda, na unarudi nyumbani umeridhika. Kwenye mechi hakuna mtupo uliopita wa kunakili. Umetoka kukimbia, pasi imekuja chini ya goti, umbali si ule wa jana. Mwaka 1978 watafiti Kerr na Booth waliwapa watoto wa miaka 8 vifuko vidogo vya kurusha kwenye shabaha. Kundi moja lilijifunza kwa umbali wa futi 3 peke yake. Jingine lilijifunza kwa futi 2 na futi 4, wala halikurusha hata mara moja kwa futi 3. Siku ya mtihani, uliofanyika kwa futi 3, lililofanya vizuri zaidi ni kundi la pili. Kubadilisha umbali kunaufundisha mwili kupima, na kupima ndiko unakokuhitaji siku ya mechi.

Sisemi kurudia hakuna kazi. Ukiwa unarekebisha kiwiko au unaanza kabisa, rudia mahali pamoja, karibu na ringi, hadi mkono uelewe. Lakini gadi wa miaka 23 anayefunga saba kwa kumi ameshapita darasa hilo. Kwako, rusha mara mbili na uhame. Kimbia hadi mstari wa kati, rudi, pokea pasi, rusha. Mitupo huru, ile ya baada ya faulo, ipige miwili miwili, ukiwa unahema, kwa sababu ndivyo inavyokuja. Hakuna refa atakayekupa hamsini mfululizo.

Na ubebe daftari. Usiandike umefunga mingapi peke yake. Andika iliyokosa imekosa vipi: mfupi, mrefu, kulia au kushoto. Ya mfupi na mrefu mara nyingi ni habari za miguu na pembe. Ya kulia na kushoto ni habari za kiwiko, au za kidole gumba cha mkono wa kusaidia kinachousukuma mpira sekunde ya mwisho. Hicho kidole kimeharibu mitupo mingi kuliko mabeki. Ukinionyesha ukurasa wenye "mfupi, mfupi, mfupi" kuanzia mpira wa sitini, sihitaji kukuona uwanjani kujua zoezi lilipaswa kukomea wapi.

Kabla sijaliacha hili, chukua futi kamba ukapime ringi unayofanyia mazoezi. Inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka sakafuni, na mstari wa mtupo huru uwe mita 4.6 kutoka kwenye uso wa ubao. Viwanja vyetu vya wazi hupigwa saruji upya juu ya ile ya zamani, ringi huning'iniwa hadi zikainama, mistari huchorwa kwa macho. Sentimita tano si mzaha kwa mtu anayerudia mtupo uleule miezi mitatu. Na kama mechi zenu ni za jioni kwenye uwanja usio na paa, kumbuka alfajiri Dar upepo umelala, jioni unatoka baharini. Zoezi moja moja lifanyie saa hiyo ya upepo.

Sasa goti. Maumivu ya mahali padogo chini ya pia, yanayotulia ukipata joto na kurudi kesho yake, mara nyingi ni ya kano, ule mshipi mgumu unaounganisha pia na mfupa wa muundi. Ni ugonjwa maarufu wa watu wanaoruka: wacheza kikapu, wavu, warukaji wa riadha. Nasema mara nyingi kwa sababu sijalishika goti lako. Lakini hesabu inaelekea huko. Mitupo 500 ya kuruka ni kuruka mara 500 na kutua mara 500, tena kwenye saruji, na kila kutua ni uzito wako mara kadhaa. Kwa wiki inafika 3,500 bila kuhesabu mechi.

Kano si misuli. Baada ya kazi nzito, nyuzi zake kwanza hubomolewa zaidi kuliko zinavyojengwa, na hali hiyo huchukua siku moja hadi siku moja na nusu hivi. Ujenzi hushinda baada ya hapo. Anayeruka mara 500 kila alfajiri ni kama fundi anayekanyaga zege bichi kila siku kisha anashangaa sakafu haishiki. Shida yako siyo kwamba kuruka ni kubaya. Ni kwamba hujawahi kuipa kano ile siku ya pili.

Njia zilizo mbele yako ni tatu. Ya kwanza ni kuendelea hivi ukimeza dawa. Utamaliza msimu labda, lakini watu wa njia hii ndio huja kwangu na goti la mwaka mzima. Ya pili ni kupumzika kabisa mwezi au miwili. Inavutia, maumivu hupungua kweli, ila kano iliyopumzishwa inazidi kuwa dhaifu. Ukirudi uwanjani wiki ya kwanza yanaanza upya. Ya tatu ni kupunguza kuruka na papo hapo kuifanyisha kano kazi nzito ya polepole. Hiyo ndiyo naiamini, ingawa sikufichi kwamba inachosha moyo: hesabu wiki 12, na wiki nne za mwanzo unaweza usione tofauti kubwa.

Inakwenda hivi. Kila siku, au walau kabla ya mazoezi, egemeza mgongo ukutani, shuka hadi mapaja yakuunguze, ukae sekunde 45; pumzika dakika mbili; fanya mara tano. Ikishakuwa rahisi, egemea mguu mmoja zaidi. Wengi hupata nafuu ya maumivu papo hapo, wengine hawapati, na zote ni sawa. Kisha mara tatu kwa wiki chuchumaa ukiwa na uzito: sekunde tatu kushuka, sekunde tatu kupanda, seti nne. Anza na uzito unaokuruhusu marudio 15 ya kukutoa jasho, na kadiri wiki zinavyokwenda ongeza uzito upunguze marudio hadi 8, baadaye 6. Kama gym ni ghali, begi la mgongoni lililojazwa mchanga linatosha kwa kuanzia. Baadaye utahitaji chuma, maana mchanga una mwisho wake.

Mitupo ya kuruka ifanye siku tatu zisizofuatana, na siku ya mechi inahesabiwa kuwa moja. Anza na 80 kwa siku. Ni makadirio yangu, si amri ya kitabu. Goti ndilo litakalosema. Siku nyingine, kama unawashwa na mikono, piga mitupo huru na ya karibu bila miguu kuacha sakafu, hata 100. Kipimo ni ngazi zile zile unazozishuka asubuhi: maumivu hadi 3 kwa kipimo cha 10 wakati wa zoezi yanavumilika, ilimradi kesho yake ngazi zisiwe mbaya kuliko kawaida. Zikiwa shwari wiki nzima, ongeza mitupo 20. Zikikuumiza zaidi, rudi ulipokuwa. Usisimamishe kila kitu kwa hofu.

Diklofenaki sasa. Inanunuliwa kama pipi, na kwa kano ya miezi mitatu haitengenezi kitu. Inazima tu kengele. Ukiimeza kila siku, tumbo likiwa tupu na mwili umekauka kwa joto la Dar, unachezea vidonda vya tumbo na figo. Daktari akikuandikia kwa siku chache kwa sababu anayoijua, sawa. Na mtu akikuambia sindano ya steroidi kwenye kano itakumaliza tatizo, muulize kwanza kuhusu hatari ya kano kudhoofika na kukatika.

Barafu haina ubaya wala muujiza. Dakika kumi juu ya goti likiwasha, weka. Lakini kujitumbukiza kwenye pipa kila baada ya mazoezi ya uzito kunapunguza ukuaji wa misuli unaoutafuta. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha hivyo kwa wanaume waliofanya mazoezi wiki 12. Wale wanaosema barafu "inatoa asidi ya laktiki" wamechelewa: laktiki huondoka yenyewe mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi. Maumivu ya misuli ya kesho na keshokutwa si yake. Na mwenye selimundu asiguse kabisa pipa hilo, baridi inaweza kumwamshia maumivu makali ya ugonjwa. Kukandwa kwa maji ya moto je? Paja, karibu, inaburudisha. Juu ya kano yenyewe usimruhusu mtu akusugue kwa gumba hadi utoe machozi.

Nimeuacha usingizi kwa sababu ndipo penye faida kubwa kuliko yote. Unalala masaa manne na nusu. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha matokeo ya wachezaji wake 11 wa kikapu walioombwa kukaa kitandani masaa 10 kila usiku kwa wiki tano hadi saba. Mitupo huru ilipanda kutoka wastani wa 7.9 hadi 8.8 katika kila 10, na pointi tatu kutoka 10.2 hadi 11.6 katika kila 15. Wachezaji walikuwa wachache na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo siapi kwa namba hizo. Lakini mwelekeo wake unakubaliana na ninachokiona: mtu asiyelala hujifunza polepole, hupona polepole, na huamua vibaya mpira ukiwa mkononi.

Najua huna masaa 10, duka halijifungi lenyewe. Ila siku ambazo si za kuruka, alfajiri hiyo ilale. Hesabu za duka zigawe, nusu zifanye mchana biashara ikipoa. Ukipata dakika 20 za kujinyoosha nyuma ya kaunta baada ya chakula, zichukue bila aibu. Mitupo 80 ukiwa umelala masaa saba itakufaa kuliko 500 za mtu anayesinzia.

Chakula nitapita haraka, kwa sababu hujalalamika. Mwenye kilo 75 anayefanya mazoezi namna hii anahitaji protini kama gramu 120 kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo chai na chapati alfajiri haitoshi. Maharage, dagaa, maziwa, samaki. Bei yake unaijua kuliko mimi.

Mambo yafuatayo hayasubiri wiki 12. Goti likivimba, likikwama, likiachia ghafla unapogeuka, likikuamsha usiku, au ukisikia mlio kisha ukashindwa kunyanyua mguu ukiwa umenyooka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Goti lenye joto pamoja na homa ni dharura. Kwa wadogo wa miaka 10 hadi 15 wanaosoma hapa wakiwa na uvimbe mgumu chini ya goti, hilo ni jambo tofauti la mfupa unaokua, msifuate mpango huu bila kuonwa. Na wewe, kama baada ya wiki sita za kufuata kweli hakuna lililobadilika hata kidogo, usiendelee peke yako. Fiziotherapia ipo Muhimbili, na kwa walio mikoani ipo KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa nazo zina mtu wa kazi hii.

Ukienda, vaa bukta, beba viatu unavyochezea na lile daftari, na ile video ya mipira kumi ya kwanza na kumi ya mwisho. Kama kocha anaweza kuja nawe, aje. Ni rahisi zaidi kumwonyesha kwenye simu mguu unaokwepa kutua kuliko wewe kumwambia kwa mdomo kwamba umeambiwa upunguze.